"NA" AU "KWA"? MTUMIAJI, PROGRAMU YA KUKINGA VIRUSI NA SARUFI YA MAMLAKA

Ikisiri

Watumiaji wengi wa tarakilishi hulalamika kwamba programu za kukinga virusi huamua mambo bila kumwuliza mwenye mashine. Makala hii inalichukua lalamiko hilo kama suala la lugha, wala si la ufundi pekee. Tukitumia kauli za vitenzi vya Kiswahili pamoja na viunganishi "na" na "kwa", tunaonyesha jinsi mtumiaji anavyotolewa katika nafasi ya mtenda na kuachwa nje ya sentensi. Makala inatambua kuwa programu hizi zina sababu nzuri za kumnyima mtumiaji baadhi ya maamuzi. Hata hivyo, inashikilia kwamba hakuna sababu ya kumnyima maelezo, na kwamba hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi ya kufanya.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hafundishwi mengi kuhusu tarakilishi, lakini leo hawezi kuandika tasnifu bila chombo hicho. Tangu pendekezo la utafiti hadi nakala ya mwisho inayofikishwa kwa wasimamizi, kazi yake yote hukaa ndani ya faili. Faili hizo nazo hulindwa na programu ya kukinga virusi, ambayo kwa ufupi tutaiita kingavirusi.

Aghalabu mlinzi huyu hatumwoni. Tunamkumbuka siku anapochukua kitu chetu. Hapo ndipo mtumiaji anapogundua kuwa maswali aliyodhani ni yake, yaani kipi kibaki, kipi kiondoke na nani aulizwe kwanza, yalikwisha kujibiwa na mtu mwingine aliye mbali sana na Bungoma.

Yamkini msomaji atauliza: haya yanaihusu vipi fasihi ya Kiswahili? Yanaihusu kwa njia mbili. Kwanza, data ya fasihi simulizi tunayoikusanya vijijini huhifadhiwa katika vyombo hivyohivyo. Pili, kingavirusi huzungumza nasi kwa sentensi. Sentensi ina kiima, ina kiarifa, ina mtenda na mtendwa. Sisi tuliozoea kuuliza ni nani anayesimulia na ni nani aliyenyamazishwa katika riwaya, tuna zana za kuuliza swali hilohilo mbele ya skrini.

2.0 Kisa cha Kumuse

Katika mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya uzamili nilikwenda kijiji kimoja upande wa Chwele kurekodi kumuse. Kwa msomaji asiyetoka kwetu, kumuse ni hotuba inayotolewa na mzee maalum, omuswasi, baada ya maziko ya mtu mwenye hadhi miongoni mwa Wabukusu. Msemaji hutembea uwanjani mbele ya watu walioketi kimya, akitaja koo, akikumbusha historia na kuwausia walio hai. Tofauti na hadithi, ambayo fanani aweza kuombwa airudie kesho, kumuse hufungamana na marehemu mmoja na siku moja. Mtafiti hawezi kumwendea omuswasi wiki inayofuata na kumwambia, "Baba, tafadhali tuanze upya, chombo changu kilikuwa na hitilafu."

Nilirekodi kwa simu. Kwa kuwa simu yenyewe ilikuwa na nafasi ndogo, nilizihamishia rekodi katika flashi na kuzifuta simuni. Hilo lilikuwa kosa langu, na silisingizii programu yoyote. Siku mbili baadaye nilipitia katika kibanda cha kuchapisha na kutoa nakala pale Kanduyi ili nichapishe hojaji. Jioni, nilipoichomeka flashi katika kipakatalishi changu, kingavirusi ilinitolea arifa ambayo kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Vitisho vimeondolewa. Huhitaji kufanya lolote."

Chini yake palikuwa na kitufe kimoja: "Sawa". Nilikibofya. Nilipoifungua flashi, folda zangu zote zilikuwa zimetoweka: hojaji, picha, na folda iliyobeba sauti ya omuswasi.

Kwa siku tatu niliamini kwamba programu ilikuwa imeifuta kumuse. Mwenzangu mmoja alinishauri niisafishe flashi yote upya ili angalau niitumie tena, na nusura nifuate ushauri huo. Aliyeniokoa ni kijana wa kibanda kilekile cha Kanduyi. Hakuanza na folda. Alianza na hesabu. Alitazama ukubwa wa flashi na nafasi iliyotumika, akaniuliza, "Mwalimu, kama hakuna kitu humu, mbona nusu imejaa?"

Jibu lilikuwa rahisi kwake. Kuna virusi vya flashi ambavyo havifuti folda za mtu. Huzificha, kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale, ili mwenyewe akibofya jina la folda yake awe amekiamsha kirusi. Kingavirusi ilikuwa imeziondoa njia za mkato za uongo, na katika hilo ilitenda haki kabisa. Folda halisi iliziacha palepale zilipofichwa. Kijana alibadilisha mpangilio wa tarakilishi ili ionyeshe faili zilizofichwa, pamoja na zile zinazodaiwa kuwa za mfumo, na rekodi zangu zikaonekana zote.

Nilifurahi, lakini baadaye niliirudia ile arifa kama ninavyorudia beti ngumu. Haikuwa na uongo hata mmoja. Ilisema vitisho vimeondolewa, na kweli viliondolewa. Ila haikusema ni vitisho gani, vilikuwa wapi, na kwamba vilikuwa vimevaa majina ya folda zangu. Aidha, iliniambia nisifanye lolote katika saa ambayo kulikuwa na jambo moja tu la kufanya, nalo ni kuzifichua folda.

3.0 Kingavirusi Hufanya Kazi Vipi?

Kabla ya kuichanganua lugha ya arifa hizo, yafaa tuelewe mamlaka ya programu yenyewe. Neno "virusi" liliazimwa kutoka taaluma ya tiba, na Fred Cohen wa Marekani alilitumia katika utafiti wake wa miaka ya 1983 na 1984. Mwaka 1986 kilizuka kirusi kiitwacho Brain, kilichotungwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, nacho kikasafiri kwa disketi. Kwetu Afrika Mashariki, flashi ndiyo iliyorithi kazi ya disketi. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ilikuwa ghali na ya polepole. Watu wakibebeana faili mkononi, na virusi vikabebwa pamoja nazo. Conficker, kilichogunduliwa Novemba 2008, kilienea kwa mtandao na kwa flashi vilevile.

Kingavirusi hutumia njia kuu tatu za kumtambua adui. Ya kwanza ni alama za utambulisho: programu huwa na orodha ndefu ya alama za virusi vinavyojulikana, na hulinganisha kila faili na orodha hiyo. Ya pili ni mwenendo: faili inayojaribu kujinakili kila mahali au kuandika juu ya faili nyingine hushukiwa hata kama haimo katika orodha. Ya tatu ni umaarufu: programu inayotumiwa na mamilioni ya watu na iliyotiwa sahihi ya kidijitali na mtengenezaji anayejulikana huaminiwa, ilhali programu ngeni isiyo na sahihi hutiliwa shaka.

Faili inayoshukiwa aghalabu hupelekwa karantini, yaani huhamishiwa mahali ambapo haiwezi kuendeshwa, ikasubiri kurejeshwa au kufutwa. Sitiari hii ya tiba haikuja bure. Mgonjwa haombwi ruhusa ili maradhi yake yazuiwe yasienee. Hata hivyo, Wakenya walioingizwa karantini mwaka 2020 wakati wa Korona walijua angalau wamewekwa wapi na kwa sababu gani. Faili ya mwanafunzi huingizwa karantini, na mara nyingi mwenyewe hajui hata kwamba kuna mahali pa kwenda kuiulizia.

4.0 Uchanganuzi: Ni Nani Aliyetenda?

Mwaka 1979, Roger Fowler, Bob Hodge, Gunther Kress na Tony Trew walichapisha kitabu Language and Control. Katika sura moja Trew alichunguza jinsi magazeti ya Uingereza yalivyoripoti habari za Waafrika waliopigwa risasi na polisi mjini Salisbury, Rhodesia (Harare ya leo), mwaka 1975. Alionyesha kwamba muundo wa kutendwa humsogeza mtenda pembeni, na kwamba mtenda akisogezwa pembeni, lawama nayo husogea. Arifa ya tarakilishi si kisa cha umwagaji damu, na hatukusudii kuvilinganisha kwa uzito. Tunachoazima ni swali tu: sentensi hii imemweka nani wapi?

Tuzitazame sentensi zifuatazo:

(1) Programu imeiondoa faili yako.
(2) Faili yako imeondolewa na programu.
(3) Faili imeondolewa.
(4) Faili imeondoka.

Sentensi ya (1) ina mtenda, kitendo na mtendwa, na kivumishi "yako" kinamtambua mwenye mali. Sentensi ya (2) imempeleka mtenda mwishoni, lakini bado anatajwa. Sentensi ya (3) imemfuta mtenda pamoja na mwenye mali. Ya (4) imekwenda mbali zaidi: katika kauli ya kutendeka faili inaonekana kama iliyoshika njia kwa miguu yake yenyewe. Arifa nyingi za kingavirusi huangukia katika muundo wa (3), ilhali mtumiaji akisimulia masaibu yake hutumia maana ya (4): "Faili zangu zimepotea." Hivyo ukimya wa mashine humfundisha mtumiaji namna ya kusema. Mtu anayesema "zimepotea" hamtafuti aliyezichukua.

Kiswahili kina nafasi nyingine ambayo arifa hizi haziitumii, nayo ni kauli ya kutendewa:

(5) Umefutiwa faili na programu hii.

Linganisha "faili imefutwa" na "umefutiwa faili". Katika tamko la pili mtu amerudi ndani ya sentensi, tena katika nafasi ya kiima. Si faili tu iliyopatwa na jambo. Kuna mwanadamu aliyetendewa. Jambo la kupendeza zaidi ni kuwa kitenzi "ondoa" kinazo maana zote mbili katika umbo moja. "Faili imeondolewa" ni kutendwa. "Nimeondolewa faili" ni kutendewa, kutokana na "ondolea". Lugha yetu iliwaweka mali na mwenye mali katika neno moja. Mwandishi wa arifa ndiye aliyechagua mmoja na kumwacha mwenzake.

Tuje sasa kwenye viunganishi vilivyoipa makala hii jina. Kila mwanafunzi wa isimu anajua kuwa katika kauli ya kutendwa "na" hutangulia mtenda, na "kwa" hutangulia kitumizi: "Mti umekatwa na seremala kwa shoka." Tukisema "Mti umekatwa na shoka", msikilizaji hushtuka, kwa kuwa shoka limepewa nia. Sasa tazama:

(6) Virusi vimeondolewa na mtumiaji kwa programu.
(7) Virusi vimeondolewa na programu.

Mtu anaponunua kingavirusi, au anapoikuta ndani ya tarakilishi yake mpya, hudhani amepata kitumizi, yaani kitu cha kutumia, kama shoka. Yumo katika sentensi ya (6). Punde si punde anajikuta katika sentensi ya (7), ambamo programu ni mtenda na yeye hayupo. Kwa maoni yetu, hasira nyingi za watumiaji chimbuko lake ni hapa. Mtu alidhani ana "kwa", kumbe ana "na", na hakuna aliyemweleza kuwa kiunganishi kimebadilika.

Kitufe cha "Sawa" hukamilisha mchezo huu. Katika mazungumzo ya kawaida "sawa" ni neno la mtu aliyeombwa akakubali. Hapa linatiwa kinywani mwa mtu ambaye hakuombwa, tena baada ya tendo kukamilika. Ni kiitikio kisicho na wimbo.

5.0 Hoja ya Upande wa Pili

Ingekuwa dhuluma kuishia hapo, kwani watengenezaji wa programu hizi wana hoja yenye uzito.

Hoja ya kwanza inatokana na uzoefu. Mfumo wa Windows Vista, uliotolewa kwa umma mwaka 2007, ulimwuliza mtumiaji maswali mengi ya ruhusa kiasi cha kumchosha, na katika Windows 7 ya mwaka 2009 maswali hayo yalipunguzwa. Mtu anayeulizwa mara ishirini kwa siku huzoea kubofya "Ruhusu" bila kusoma. Ruhusa ya aina hiyo haina thamani kuliko ukimya.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Virusi vyenyewe hujaribu kuizima kingavirusi kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Conficker, kwa mfano, kilizima huduma za usalama za Windows na kuzuia tovuti za watengenezaji wa kingavirusi zisifunguke. Programu haiwezi kujua kila mara kama mkono unaobofya "Zima" ni wa mwenye mashine au wa mwizi. Ndiyo sababu katika Windows 10 ulinzi wa papo kwa papo ukizimwa hujiwasha wenyewe baada ya muda, na mwaka 2019 Microsoft ikaongeza kinga inayozuia programu nyingine zisiibadilishe mipangilio ya ulinzi huo. Hoja ya tatu ni ya jirani. Tarakilishi ya kibanda cha kuchapisha ikiachwa bila ulinzi, anayeumia si mwenye kibanda pekee, bali kila mwanafunzi anayeingia na flashi yake. Kisa changu ni ushahidi wa hilo.

Pamoja na hayo, historia imeonyesha kuwa mlinzi naye hukosea, tena kwa kishindo. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la kingavirusi ya McAfee liliidhania faili muhimu ya Windows XP kuwa kirusi. Tarakilishi nyingi duniani zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma, na zikakosa mtandao. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Hapakuwa na kirusi siku hiyo. Nyingi kati ya mashine hizo ilibidi zifikiwe na mwanadamu, moja baada ya nyingine, aifute faili mbovu kwa mkono wake. Mtumiaji aliyeondolewa katika sentensi alihitajika tena mashine zilipolala.

6.0 Uchache Kama Kosa

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi wa lugha za Kiafrika kwa namna ya pekee. Rafiki yangu anayesomea teknolojia ya habari alinitungia programu ndogo ya kuhesabu maneno katika matini za Lubukusu na Kiswahili, ili nione ni viangami na viambishi vipi vinavyojirudia zaidi katika kumuse. Kwenye kipakatalishi changu ilifanya kazi vizuri. Nilipoipeleka katika mashine ya kuazima, kingavirusi iliichukua papo hapo. Niliirejesha kutoka karantini, ikachukuliwa tena. Nilipotafuta mahali pa kuiandikisha miongoni mwa programu zinazoruhusiwa, nilikuta mpangilio huo umefungwa kwa nywila ya msimamizi wa mashine, naye hakuwapo.

Kosa la programu ile lilikuwa lipi? Haikuwa na alama ya kirusi chochote. Kosa lake lilikuwa uchache. Ilikuwa na watumiaji wawili duniani na haikuwa na sahihi ya kidijitali, ambayo hugharimu fedha. Kwa kipimo cha umaarufu, kitu kinachotumiwa na wachache kinashukiwa kwa sababu hiyohiyo.

Kipimo hiki kina mantiki, kwa sababu virusi vipya navyo huanza vikiwa vichache. Walakini athari zake hazigawanyiki kwa usawa. Mwanafunzi wa Kiingereza anayetaka kuhesabu maneno atapata programu iliyotumiwa na maelfu. Mtafiti wa Lubukusu, Kisabaoti au Kiteso hana budi kutumia kitu kilichotungwa na rafiki yake wiki iliyopita. Mtumiaji akinyimwa nafasi ya kusema "hii naijua, ni yangu", anayeumia kwanza ni yule ambaye zana zake hazijulikani kwingineko.

7.0 Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Si kazi yetu kuunda kingavirusi. Ila arifa ni matini fupi, na uandishi wa matini fupi zilizo wazi ni kazi yetu.

Juhudi zimewahi kuwapo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi za msimbo huria kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilikuja na kiolesura cha Kiswahili. Wanaofanya kazi hiyo hukumbana na ugumu wa kisarufi ambao Kiingereza hakina. Mfasiri huletewa kijisentensi chenye pengo, kwamba kitu fulani kimeondolewa, na jina la kitu litajazwa na mashine baadaye. Je, aandike "imeondolewa", "kimeondolewa" au "vimeondolewa"? Faili ni ya ngeli ya I-ZI, kirusi ni KI-VI, na mfasiri hajui kitakachokuja. Aghalabu hukimbilia jina la jumla kama "tishio", na hapo habari muhimu hupotea. Mwanafunzi anayeifahamu ngeli vizuri anaweza kupendekeza muundo unaoliepuka tatizo hilo bila kumficha mtenda. Tulinganishe arifa niliyoipata na hii:

"Programu hii imeipeleka faili 'hesabu' karantini kwa sababu haijawahi kuiona kabla. Haijaifuta. Ukiifahamu, unaweza kuirejesha, usipoifahamu, iache."

Arifa hii haimpi mtumiaji mamlaka yote. Programu bado imetenda kwanza. Lakini inajibu maswali manne: nani ametenda, ametenda nini, kitu kiko wapi, na mtu anaweza kufanya nini. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakaribia wazo hili katika kifungu cha 35. Kuhusu maamuzi mazito juu ya mtu yanayofanywa na mashine pekee, sheria hiyo inataka mtu ajulishwe na aweze kuomba uamuzi uangaliwe upya. Hatudai kuwa kifungu hicho kinaihusu kingavirusi, kwa kuwa sheria ile inashughulikia data za watu binafsi. Tunasema tu kwamba kujulishwa na kuomba marejeo si matakwa ya ajabu.

Kwa wenzangu walio nyanjani, nayaongeza mambo machache niliyojifunza kwa uchungu. Kwanza, rekodi isifutwe simuni kabla haijawa mahali pawili pengine. Pili, faili ikikosekana, anza kwa kutazama nafasi iliyotumika, kisha faili zilizofichwa, kisha karantini. Usiisafishe flashi kabla ya hapo. Tatu, usiizime kingavirusi kwa hasira. Irejeshe faili moja unayoijua, uiandikishe hiyo pekee miongoni mwa zinazoruhusiwa, na uuache mlango mwingine wote umefungwa. Nne, soma arifa kabla ya kubofya "Sawa", na ikiwezekana inakili.

8.0 Hitimisho

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Programu nyingi za kukinga virusi zimetungwa kana kwamba methali hiyo ni kanuni: mtumiaji hajui, basi asiambiwe. Tumejaribu kuonyesha kuwa njia hiyo hujizalia ujinga wake yenyewe, kwa sababu asiyeambiwa hatajua kamwe, na asiyejua atabofya "Sawa" milele. Tunaweza kukubali kwamba katika mambo kadha wa kadha mlinzi atende kwanza. Tunachokikataa ni mlinzi anayetenda kisha akaandika ripoti isiyo na mtenda.

Rekodi ya kumuse sasa ipo mahali patatu, na unukuzi wake umekamilika. Nikiusikiliza, najifunza jambo moja kutoka kwa omuswasi. Katika hotuba yake yote, kila tendo lina mwenyewe: fulani wa ukoo fulani alifanya hivi, mahali fulani, na matokeo yake yakawa haya. Anayewajibika kwa jamii hutaja mtenda. Si mengi kuitaka mashine iliyo mezani petu ifanye vivyo hivyo.

Maswali ya mjadala

1. Kusanya arifa tano kutoka simu au tarakilishi yako. Bainisha kauli ya kitenzi katika kila arifa, na ueleze iwapo mtenda ametajwa, amedokezwa au amefichwa.
2. Ziandike upya arifa hizo kwa Kiswahili sanifu ili zijibu maswali manne yaliyotajwa katika sehemu ya 7.0. Je, zimekuwa ndefu mno?
3. "Programu ya tarakilishi haiwezi kuwa mtenda, daima ni kitumizi cha aliyeitunga." Jadili kauli hii kwa kurejelea matumizi ya "na" na "kwa".
4. Pendekeza namna ya kutatua tatizo la upatanisho wa kisarufi katika arifa zenye pengo, ukizingatia ngeli zisizopungua nne.